Vita Vimekwisha, Jirani Ni Yule Yule

Mtu akitaja filamu ya vita, wengi wetu hutazamia kuona vifaru na ndege, na shujaa mmoja anayemaliza kikosi kizima peke yake. Filamu ninayotaka kuizungumza leo si ya namna hiyo. Ni filamu ya vita vilivyokwisha. Risasi zimenyamaza, waliokufa wamezikwa au hawakuzikwa, na waliobaki wanatazamana. Ilitengenezwa mjini Berlin mwaka wa 1946, mwaka mmoja tu baada ya Ujerumani kushindwa, na jina lake la Kijerumani ni Die Mörder sind unter uns, maana yake "Wauaji wako miongoni mwetu". Mimi sikuitazamia Mombasa. Niliitazamia Nakuru, mtaa wa Bondeni, na kila nikifikiri naona ndiko ilikostahili kutazamwa.

Mwongozaji wake ni Wolfgang Staudte. Kabla ya kumsifu yafaa isemwe kuwa naye mkono wake haukuwa mweupe, kwani mwaka wa 1940 alicheza sehemu ndogo katika Jud Süß, filamu ambayo serikali ya Hitler iliitumia kuwachafulia Mayahudi jina na kuwatia watu chuki. Vita vilipokwisha aliandika hadithi yake, akabisha hodi kwa wakubwa wa majeshi ya magharibi waliokuwa wameugawana mji, wasimfungulie. Warusi ndio waliomkubalia. Kampuni ya DEFA, iliyoanzishwa upande wao mwezi wa Mei 1946, ikaitoa kuwa filamu ya kwanza ya hadithi kutengenezwa na Wajerumani baada ya vita. Hawakuwa na haja ya kujenga mandhari ya uongo. Mji wenyewe ulikuwa kifusi, na kamera ilipoelekezwa kokote ilikuta magofu.

Msichana mmoja, Susanne Wallner, anarudi kutoka kambi ya mateso ya Manazi. Aliyemcheza ni Hildegard Knef, ambaye wakati ule alikuwa na umri wa miaka 20. Anafika kwake anaikuta nyumba imekaliwa na mtu mwingine, Mertens, daktari wa upasuaji aliyekuwa jeshini, ambaye sasa kazi yake ni ulevi. Vioo vya madirisha vimevunjika, na mahali pake pamezibwa kwa picha za eksirei. Hebu fikiri, msomaji: chumba kinapata mwanga wake kupitia mbavu na mifupa ya watu wasiojulikana walipo. Nimeandika mashairi miaka mingi na nakiri sijapata kuvumbua mfano mzito kama huo, na huu si wa kuvumbua hata, kwani watu walifanya hivyo kweli kwa kukosa vioo.

Kinachomtafuna daktari ni jambo lililotokea Poland, mkesha wa Krismasi wa 1942. Kapteni wake, Brückner, aliamrisha wanakijiji wapigwe risasi: wanaume 36, wanawake 54 na watoto 31. Mertens alimsihi aache, hakusikilizwa. Naye Brückner alidhaniwa amekufa vitani, kumbe yu hai, tena yu hai katika raha. Ana mke na watoto, ana chakula mezani wakati wenzake wanashinda na njaa, na ana kiwanda. Kiwanda hicho chachukua kofia za chuma za askari na kuzigeuza sufuria. Anapoonana na Mertens anamkumbatia kwa furaha kama rafiki wa zamani. Hana kero. Kwake yeye vita ni vita na amani ni amani, na mtu mwenye akili hujua kuishi katika zote mbili.

Mertens anaazimia kumwua. Mara ya kwanza anamwongoza hadi kwenye magofu, na mama mmoja anatokea akilia kuwa mwanawe amekabwa na pumzi, anatafuta daktari. Basi badala ya kutoa roho anaokoa roho. Mara ya pili ni mkesha wa Krismasi wa 1945, bastola i mkononi, na Susanne anamfikia kwa nafasi finyu na kumzuia. Hoja inayotolewa hapo ni kuwa mtu binafsi hawezi kujifanya kadhi, ila anao wajibu wa kushtaki. Katika hadithi ya kwanza aliyoiandika Staudte mambo hayakuwa hivyo. Daktari alimwua kapteni, na filamu ilikuwa iitwe "Mtu nitakayemwua". Maofisa wa Kirusi ndio walioukataa mwisho huo, kwa hofu kwamba watazamaji wakiutia maanani watatoka nje waanze kupigana risasi mabarabarani. Neno lao lilikuwa na maana. Filamu ilionyeshwa mara ya kwanza tarehe 15 Oktoba 1946, na usiku ule ule, saa chache baadaye, wakubwa 10 wa Kinazi waliohukumiwa na mahakama ya Nuremberg walinyongwa. Kwa hivyo mtazamaji wa Berlin aliporudi nyumbani alikuwa na jambo la kulilinganisha: wakubwa wamefikishwa mbele ya hakimu, lakini huyu wa sufuria, anayeishi nyumba ya tatu kutoka kwangu, atafikishwa na nani?

Sasa nirudi Bondeni. Mwenyeji wangu ni mzee wa mtaa ule, mtaa wa zamani wenye Waislamu wengi, na Kiswahili chao kina ladha ya pwani iliyochanganyika na vumbi la Menengai. Tulikuwa watu saba au wanane, mimi nikiwafasiria maandishi yaliyokuwa yakipita chini ya picha. Walisikiliza kimya mpaka zilipofika zile sufuria. Hapo mama mmoja, fundi wa kushona nguo, akacheka kicheko kisicho cha furaha. "Ustadh," akaniambia, "huyo mimi namjua. Yuko hapa hapa, ana duka." Hakumtaja jina, na hapana aliyemwuliza, ila wote walitikisa kichwa.

Nakuru imekuwa jiji rasmi tangu Desemba 2021, na mgeni apitaye leo ataona majengo mapya na magari yasiyokuwa na pa kuegeshwa. Lakini wakazi wake wana kalenda yao. Matokeo ya uchaguzi wa 2007 yalitangazwa tarehe 30 Desemba, na siku ya Mwaka Mpya kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret likachomwa na watu ndani. Nakuru yenyewe ilikawia. Moto uliufikia mji Januari ilipokuwa yakaribia kwisha, kati ya usiku wa tarehe 24 na Ijumaa ya tarehe 25, mitaa ikagawanyika kwa makabila, watu wakauawa kwa panga na mishale, serikali ikatoa amri ya kutotoka nje usiku. Jumapili yake, tarehe 27, ikawa zamu ya Naivasha, ambako watu 19 waliteketezwa ndani ya nyumba moja mtaa wa Kabati. Waliouawa nchi nzima walipita 1,100, na sehemu kubwa zaidi ilikuwa ya Bonde la Ufa.

Wala hayo hayakuwa mageni. Mwaka wa 1992 Molo na Olenguruone kulikwisha waka, na mwaka wa 1998 ikawa Njoro. Kulikuwa na neno lililotumika huko, na mimi kama mtu wa lugha linaniuma kuliko mengine: "madoadoa". Jirani wa kabila jingine aliitwa doa, na kazi iliyotakiwa ni kuondoa madoadoa. Neno letu zuri la kanga na la chui likafanywa silaha. Nimewasikia wataalamu wakijivunia jinsi Kiswahili kilivyoenea bara. Nao waliohubiri chuki walikienea pia.

Uwanja wa Maonyesho ya Kilimo wa Nakuru ukawa mji wa mahema. Mwezi wa Mei 2008 serikali ikaanzisha Operesheni Rudi Nyumbani, ikatoa shilingi 10,000 kwa jamaa, na 25,000 kwa aliyechomewa nyumba. Wako walioona hawawezi kurudi kabisa. Waliunganisha zile elfu kumi kumi wakanunua ardhi karibu na Nakuru, mahali paitwapo Pipeline, kila mmoja akapata kipande kisichozidi sana nafasi ya hema. Waliorudi makwao nao walikuta kazi ambayo jina la operesheni halikuitaja. Nyumbani ni ukuta na bati, sawa, lakini nyumbani ni jirani pia, na jirani ni yule yule.

Juu ya jambo hili hasa ipo filamu yetu wenyewe. Inaitwa Something Necessary, yaani "Jambo la Lazima", nayo iliongozwa na Judy Kibinge na kuonyeshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka wa 2013. Mambo ya Mungu, ina mkono wa Kijerumani ndani yake. Kampuni iliyoshirikiana na Wakenya kuitengeneza ni One Fine Day Films, ya Tom Tykwer, mwongozaji aliyezaliwa mwaka wa 1965 huko Wuppertal, mji uliochomwa na mabomu mwaka wa 1943. Ndio hao hao waliokuwa nyuma ya Soul Boy na Nairobi Half Life. Mtu aliyekulia katika mji uliojengwa upya juu ya kifusi amekuja kusaidia Wakenya kuisimulia hadithi ya kifusi chao. Sisemi kuwa alikuja kwa sababu hiyo. Nasema tu kuwa inafanana.

Anne, aliyechezwa na Susan Wanjiru, ni mama aliyempoteza mumewe katika ghasia hizo. Mwanawe yu mgonjwa sana kwa majeraha, na shamba lake lililo peke yake mashambani limebaki magofu. Hana alichobakishiwa ila ile nia ya kupajenga tena. Upande wa pili yupo Joseph, kijana aliyekuwa katika genge, akashiriki katika maovu hayo. Kijana huyu anavutwa na mama yule na shamba lile, anazungukazunguka pale kama mtu aliyeangusha kitu asichoweza kukitaja. Nafsi yake yataka kutengeneza ilichobomoa, na ulimi wake haumpi.

Hapa ndipo filamu hizi mbili zinaponishika, na niseme wazi kuwa nazitazama kwa jicho la mtoto wa chuoni. Tulifundishwa tungali wadogo, kabla hatujajua hata maana ya neno dhambi, kuwa toba ina masharti matatu: kuliacha kosa, kulijutia, na kuazimia kutolirudia. Kisha mwalimu akainua kidole. Ikiwa kosa lamhusu mwanadamu mwenzio, liko sharti la nne, nalo ni kumrudishia haki yake au akusamehe mwenyewe. Ndiyo haki ya mja. Mtu akiswali usiku kucha na akafunga miezi yote, haki ya mja iko pale pale mpaka mwenyewe aseme. Hawezi kuisamehe jirani kwa niaba yake, wala imamu, wala mfalme.

Pima sasa. Brückner hana hata sharti moja. Hakujuta, na mwishoni bado anapiga kelele kuwa hana kosa. Joseph wetu ameacha, amejuta, na mikono yake inahangaika kurudisha. Lakini hajasema. Yule Mjerumani wa 1946 aliambiwa, "Mshtaki". Huyu Mkenya wa 2013 hana wa kumshtaki, kwani kila mtu ajua hakuna atakayesikiliza, basi filamu yetu imeacha habari ya mahakama ikaenda kuchungulia moyo wa mkosaji. Wako waliosema ni udhaifu wa hadithi. Mimi naona ni ukweli wa mahali.

Yule mama fundi alinisimulia habari yake baada ya filamu ya pili. Katika Januari ile duka lake dogo lilivunjwa na cherehani yake ikachukuliwa. Alikaa kambini miezi, akarudi, akapanga chumba kingine. Alfajiri moja alifungua mlango akaikuta cherehani barazani. Ni ile ile, anaijua kwa ufa wa meza yake. Imefutwa vumbi, imetiwa mafuta, hakuna barua wala mtu. Anaitumia mpaka leo. "Sasa kila anayeniamkia nataka kumwuliza, ni wewe?" alisema. "Na nikimkosea je? Nitakuwa nimemsingizia mtu mwema." Nilimwuliza kama amemsamehe. Akaniambia atamsamehe vipi mtu asiyekuja kuomba. Mashine imerudi, mwenye kuirudisha bado.

Juu ya hao wadogo walikuwako wakubwa. Mahakama ya The Hague ilifungua kesi mbili, na moja ilihusu hasa Nakuru na Naivasha za tarehe 24 hadi 28 Januari 2008. Hiyo iliondolewa na kiongozi wa mashtaka tarehe 5 Desemba 2014 kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Ya pili ikakatizwa na mahakimu tarehe 5 Aprili 2016. Hapana aliyehukumiwa, na asiyehukumiwa kisheria hana kosa, wala mimi siandiki kuwashtaki. Lakini tazama mahali palipochaguliwa. Uhuru Kenyatta na William Ruto walikuja kuungana hadharani Nakuru, katika uwanja wa Afraha, tarehe 2 Desemba 2012, na kesi zilipokwisha sala kubwa ya shukrani ikafanywa uwanja huo huo tarehe 16 Aprili 2016. Afraha! Sikio la mtu wa pwani halikosi kusikia furaha ndani ya jina hilo. Na ilikuwa furaha kweli, kwani watu wa makabila mawili yaliyouana waliketi pamoja, na vita havikurudi katika uchaguzi wa 2013, jambo ambalo mtu mwenye watoto halidharau. Ila katika meza ile ya upatanisho sikumwona mama wa cherehani. Wakubwa walisameheana wao kwa wao, na haki ya mja ilikuwa kwa mtu mwingine, nje ya uwanja. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano nayo ilikabidhiwa rais tarehe 21 Mei 2013, majuzuu kadha wa kadha, ikawekwa.

Judy Kibinge hakukomea hapo. Mwaka wa 2015 alitoa Scarred, filamu ya ukweli juu ya mauaji ya Wagalla, Wajir, ya Februari 1984, ambako wanaume Wasomali wa ukoo wa Degodia walikusanywa na askari wa serikali katika uwanja wa ndege. Ndugu zetu wale katika dini walikaa zaidi ya miaka 30 kabla kamera haijaketi mbele yao na kusikiliza. Ikiwa utaanza kutazama, anza na hiyo.

Nilidhani nimemaliza, nikawa naaga. Mmoja wa waliokuwapo, seremala, mtu wa makamo ambaye usiku kucha hakusema neno, akanisindikiza mpaka njia kuu. Akaniuliza nakaa Mombasa sehemu gani, nikamwambia. Akasema yeye alikuwa na karakana Likoni hadi Agosti 1997. "Ya Wajerumani umetuonyesha, mzee," akasema, "na ya huku umetuonyesha. Ya kwenu itatoka lini?"

Wasomaji wangu wengi mwaijua tarehe hiyo bila ya kukumbushwa. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, askari wakauawa, bunduki zikachukuliwa, na kwa wiki nyingi baadaye watu wa bara walifukuzwa Likoni na sehemu za Kwale kwa moto na panga. Waliokufa walizidi 100. Maelfu walikimbia, wengine wakijibanza katika kanisa Katoliki la Likoni, wengine wakipanda mabasi kurudi makwao ambako hawakuwa na kwao tena. Tumezoea kuyasimulia hayo kwa kutaja wanasiasa waliowalipa vijana, na dhuluma ya ardhi tuliyotendewa sisi watu wa pwani, nayo ni kweli, dhuluma ipo na haijatengenezwa. Lakini seremala hakuniuliza habari ya ardhi. Aliniuliza habari ya msumeno wake, randa zake, na mbao za mninga alizokuwa amelipia nusu.

Vitu hivyo havikupaa mbinguni. Vilibebwa na mtu, vikauzwa kwa mtu, na aliyevinunua bei ya kutupa alijua kwa nini ni rahisi. Huenda paa fulani ng'ambo ya kivuko hata sasa limeezekwa kwa mabati ya jirani, na chini yake watu wanaswali. Sheria yetu haikunyamaza juu ya mali kama hiyo: hurudishwa kwa mwenyewe, akiwa amekufa kwa warithi wake. Ninalotaka kuwauliza masheikh wa Likoni na Diani ni hili la pili, la mtu ambaye yu tayari kurudisha na hajui mwenyewe yuko wapi, Nakuru au Kitui au Kisumu, na anayeogopa kuwa akimtafuta atakuwa amejitaja. Afanyeje? Mwenye jibu na aandike, na ukurasa huu nitamwachia nafasi. Seremala nimeichukua anwani yake.